Sura ya Sita Ukutani

Masanduku manne ya vitabu yalifika Mòn Pilé siku ya Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, nyuma ya gari la mkate. Dereva aliyateremsha barazani kwa Thecla Mondesir, akamwachia na mkate mmoja uliokosa mteja, akaenda zake. Thecla alikuwa na miaka hamsini na minane na hakuwa mtu wa kukaa kitini. Alisoma huku anatembea, alikula huku amesimama, na hata kanisani aliketi mwisho wa benchi ili aweze kutoka na kurudi bila kukanyaga miguu ya watu. Alichukua kisu cha kuparia samaki, akapasua sanduku la kwanza, akatoa kitabu, akakinusa. Jalada lilikuwa la kijani. Jina lake lilikuwa mahali pake, na halikukosewa. Akaanza kukipekua huku anaizunguka meza, na alipofika ukurasa wa tisini na saba akakuta ni mweupe. Uliofuata ulikuwa mweupe. Kurasa zote ishirini na mbili za sura ya sita zilikuwa nyeupe pee, zimebaki nambari tu kule chini.

Akafungua cha pili, akafungua cha kumi. Ilipofika saa saba mchana alikuwa amevifungua vyote mia mbili, vimelala wazi barazani, kitandani na juu ya jiko, na hakuna hata kimoja chenye sura ya sita. Alikula ule mkate bila kitu, kisha akampigia simu mpiga chapa wake kule Castries.

"Bwana Deterville, sura ya sita umeipeleka wapi?"

"Imo humo, Bi Thecla."

"Haimo."

"Imo. Niliisoma mwenyewe mashine ikiwa inakwenda. Nilipofika pale kwa yule mtoto wa mzee Urbain, chai yangu ilipoa mkononi."

"Basi njoo unisomee na mimi, maana ninachokiona ni karatasi tupu."

Bwana Deterville alikuwa mtu mwaminifu, na nusu ya kisiwa ilikuwa imezikwa na kuolewa kwa kadi alizozichapa yeye. Alizichapa upya kurasa zile bila kudai kitu. Zilikauka zikiwa nyeupe. Alhamisi Thecla alikwenda mwenyewe Castries, akasimama kando ya mashine. Karatasi ilitoka imejaa maandishi, meusi, bado yana joto. Ilipofika ukingoni mwa trei ilikuwa haina kitu. Walitazama karatasi thelathini zikifanya hivyohivyo. Bwana Deterville akazima mashine, akafuta miwani yake kwa shati.

"Huenda ni unyevu," akasema. "Msimu huu wa mvua karatasi zinasumbua."

"Mbona sura nyingine hazisumbui?"

"Hilo nalo ni swali."

Alimshauri aviuze vitabu hivyohivyo. Akamchapia vikaratasi mia mbili vya kuchomeka ndani, vimeandikwa "Sura ya sita haimo humu", na hivyo vilitoka vizuri sana.

Thecla hakuandika kitabu kwa sababu alitaka kuwa mwandishi. Alikuwa amepokea simu za watu kwa miaka thelathini kwenye ofisi ya simu ya mji, mpaka ilipoletwa mashine ya kuzipokea badala yake. Baada ya hapo akapewa funguo za chumba cha kusomea kilicho karibu na kanisa. Humo mlikuwa na kabati moja la vitabu vya visiwa: vya watu wa Jamaika, wa Trinidad, wa Barbados, wa Martinique, wa Haiti. Kila Jumatano alasiri walikusanyika watu wanane wakasoma kwa zamu, kwa sauti, wakagombana juu ya watu wa vitabuni kama wanavyogombana juu ya majirani. Kabati lote walikuwa wamelimaliza mara mbili. Kadiri walivyosoma ndivyo Thecla alivyozidi kuona kwamba karibu vitabu vyote viliandikwa na watu waliokaa kwenye vyumba vya baridi ng'ambo, wakikumbuka. Walikumbuka miembe, vimbunga, bibi zao, na barabara ambazo hazipo tena. Thecla alingoja miaka kumi atokee mmoja wa kuikumbuka ghuba ya kwao, Anse Zoranj. Hakutokea. Akauza cherehani, akaandika mwenyewe. Wachapishaji watatu wa ng'ambo walimjibu. Wa kwanza alisema mahali penyewe ni padogo mno. Wa pili aliomba bahari iongezwe. Wa tatu alitaka kujua kama sura ya sita inaweza kuchangamshwa kidogo.

Sura yenyewe haikuwa na mbwembwe. Ilieleza kwamba mwaka wa 1971 familia arobaini na tatu za Anse Zoranj zililetewa karatasi inayowapa siku sita wahame, maana hoteli inakuja. Waliahidiwa mambo matatu: viwanja kule mlimani, Mòn Pilé, pamoja na hati zake, njia ya kushukia baharini, na makaburi yao kuhamishwa kwa heshima. Viwanja walipewa, hati hawakupewa. Njia iliwekwa geti. Makaburi, yote thelathini na moja, yalisawazishwa, na juu yake ukajengwa uwanja wa tenisi, kwa kuwa sehemu hiyo ilikuwa imeshafyekwa. Baada ya hapo sura iliorodhesha majina thelathini na moja. Thecla aliyapata kwa mjomba wake, Urbain, ambaye alichimba mengi ya makaburi hayo kwa mikono yake. La tisa lilikuwa la baba yake Thecla. La ishirini na mbili lilikuwa la Celestine, binti wa Urbain, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka minne.

Ijumaa saa kumi alasiri mdogo wake Thecla, Leonise, aliingia bila kubisha, bado amevaa sare. Alikuwa dobi kwenye hoteli hiyo.

"Dada, nimefua pale miaka kumi na tisa. Sijawahi kuitwa ofisini hata siku moja. Leo nimeitwa mara mbili."

"Umefanya nini?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyefanya! Sura yako iko ukutani. Chumba cha chakula, inaanzia kwenye meza ya mayai, inaishia kwenye mlango wa choo."

Thecla aliacha kutembea. "Yote?"

"Yote. Hata ile koma yako ya kijinga uliyoitia katikati ya jina la baba."

"Ile koma ni ya Bwana Deterville."

"Basi na Bwana Deterville yupo."

"Herufi zinasomeka lakini?"

"Mtu nalilia kazi yangu, wewe unaniuliza herufi! Ndiyo, zinasomeka. Zinasomeka mpaka kwenye bwawa la kuogelea."

Hoteli ilipaka rangi. Ilikauka vizuri. Asubuhi yake sura ilikuwa imerudi juu ya rangi mpya, na safari hii aya zilikuwa zimeachana vizuri zaidi. Wakapaka tena, tabaka mbili. Ikarudi. Wakasogeza kabati la sahani mbele ya ukuta. Maandishi yakahamia kwenye milango ya kabati, yakakunjamana penye vitasa, wageni wakalalamika kwamba hawawezi kuufuata mstari. Kabati likarudishwa.

Jumatatu meneja alimwita Thecla. Getini alitakiwa kusaini daftari, na penye "sababu ya kuja" akaandika "Kusoma." Meneja, Bwana Garrick, alikuwa na miaka mitatu kisiwani. Alikuwa na sauti ya chini, na alijitahidi kuyajua majina ya wafanyakazi wote. Alimvutia kiti. Thecla akabaki amesimama.

"Bi Mondesir, ukuta huu ni mali ya hoteli."

"Sawa."

"Na maneno?"

"Maneno ni yangu."

"Basi nakuomba uyaondoe."

"Mimi niliyaweka kitabuni, bwana. Yameondoka yenyewe. Kama kuna wa kulalamika hapa, ni mimi."

Bwana Garrick aliliandika hilo kwenye karatasi. "Unadhani yanataka nini?" akauliza, kama anayemuuliza mgeni atakunywa chai au kahawa.

"Si yamejieleza? Yanataka hati, yanataka njia, yanataka makaburi yahamishwe."

"Hayo ni ya wenye kampuni. Mimi nashughulika na jengo."

Alimsindikiza mpaka getini kwa adabu, akamshukuru kwa kuja.

Wageni ndio waliomaliza ubishi. Walianza kusoma wamesimama, sahani mkononi. Mama mmoja wa kutoka nchi ya baridi alilia juu ya papai lake, na kesho yake akaomba awekwe meza ileile. Wakaanza kufika watu waliosikia habari kwa waliotangulia. Hoteli ikafunga taa ndogo juu ya ukuta, ikauita Ukuta Unaosimulia, ikauingiza kwenye vijitabu vyake, kati ya ukurasa wa kupiga mbizi na ukurasa wa kukandwa mwili. Kitabu cha kijani kikauzwa kwenye duka la hoteli. Wageni walikishika, wakakisoma mpaka ukurasa wa tisini na sita, wakainua macho wakasoma ukutani, kisha wakarudi kitabuni kwenye ukurasa wa mia na kumi na tisa. Bwana Deterville alichapa mia tano vingine. Alijaribu na sura ya sita tena, kwa ajili ya heshima yake tu, ikatoka nyeupe.

Kwa hiyo Thecla, aliyekataliwa na wachapishaji watatu, akawa anasomwa na mamia ya watu kila wiki. Jumatano kwenye chumba cha kusomea, watu wanane walikuwa na nakala zao, na hakuna hata mmoja aliyeisoma sura ya sita, kwa kuwa chumba cha chakula kilikuwa cha wageni na wafanyakazi wenye sare.

"Sisi tunasoma kitabu chenye tundu," alisema Anselma, muuza mboga, aliyezaliwa Anse Zoranj. "Waliomo humo tunduni ni sisi, wanaotusoma ni wengine. Kizuri hicho, Thecla?"

"Si kizuri."

"Basi kaa chini utusimulie kwa mdomo."

Thecla aliwasimulia huku akitoka mlangoni kwenda dirishani na kurudi. Lakini alijisikia anasimulia vibaya. Sentensi alizozipanga kwa miaka minne hazikuja. Zilikuwa kazini kule chini, ukutani. Alizisikia zikikosekana mdomoni kama mtu anavyolikosa jino.

Alirudi kwa meneja kuwaombea watu wa kijiji siku moja tu kwa wiki. Bwana Garrick alisema kanuni za kujikinga na moto zinaweka kikomo cha viti. Lakini alikuwa na ombi lake: je, Bi Mondesir angekubali kuja kila Jumamosi kuusoma ukuta kwa sauti? Kungekuwa na viti, kipaza sauti, na maji ya madafu. Thecla alisema atamjibu. Alipanda mlima kwa haraka kuliko siku zote, na wiki ile hakulala vizuri wala hakupika. Alikuwa anataka kwenda. Hiyo ndiyo aibu aliyotembea nayo.

Siku hizo mjomba Urbain alikuwa na miaka themanini na minne. Hakuwahi kujua kusoma. Alikuja kwa Thecla na fimbo yake, akakataa chai ya kakao.

"Wanasema mtoto wangu yuko pale kwenye mayai."

"Jina lake, mjomba."

"Ndiyo hilohilo. Nipeleke."

"Hawaturuhusu."

"Sikuuliza kama wanaruhusu. Mimi pale nilikuwa napita kabla baba yake huyo meneja hajaota meno."

Thecla alishuka naye mpaka getini, wakarudishwa. Wakaenda tena kesho yake, wakarudishwa, mlinzi akitazama viatu vyake mwenyewe, kwani naye mama yake alikuwa wa Anse Zoranj. Walipokuwa wanapanda mara ya pili walimkuta Leonise njiani. Alimtazama mzee anavyohema. Alimtazama dada yake. Alikuwa hajasema neno jema juu ya kitabu kile tangu kifike.

"Kesho saa tisa alasiri," akasema. "Wageni watakuwa ufukweni. Mzee avae viatu visivyolia. Na asikohoe."

"Leonise, kazi yako."

"Usinikumbushe. Ukinikumbusha nitaghairi."

Kesho yake Urbain Hippolyte aliingia Anse Zoranj kwa mara ya kwanza tangu 1971, ndani ya toroli la mashuka, amefunikwa taulo. Leonise alilisukuma toroli kwenye ujia wa watumishi, Thecla akifuata nyuma amevaa sare ya kuazima iliyombana mabegani. Chumba cha chakula kilikuwa kitupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Wakamtoa mzee. Alitengeneza kofia yake.

"Yuko wapi?"

Thecla alimshika mkono, akauongoza. Mzee aliweka kidole gumba cha kulia juu ya jina la ishirini na mbili, akakibonyeza, akabaki hivyo. Ukuta ulikuwa na joto kidogo. Alisema jambo fulani kwa sauti ya chini, ambalo dada wale wawili hawakulisikiliza kwa makusudi. Alipoondoa kidole, ukutani palikuwa na nafasi nyeupe, na jina Celestine lilikuwa kwenye kidole chake, dogo, jeusi, limekaa sawasawa kwenye nyama ya kidole.

"Haya," akasema. "Sasa twende alipo."

Hilo halikuwa kwenye mpango. Leonise alishika kichwa. Lakini mzee alikuwa ameshatangulia, anaijua njia kuliko wao, akikata kona pale ambapo hapakuwa na kona tena, mpaka kwenye wavu wa uwanja wa tenisi, Leonise akimfuata na toroli. Mume na mke walikuwa wanacheza. Urbain alihesabu hatua kwa macho kutoka kwenye mwamba uliobaki nje ya wavu, akanyoosha fimbo.

"Pale. Anaposimama yule mama kupiga mpira."

Alivua kofia. Akangoja. Wale walicheza mchezo wao mpaka mwisho, dakika arobaini, wakapeana mikono, wakakusanya mipira. Mke akamwona mzee, akampungia raketi. Walipoondoka mzee alivaa kofia, akaingia mwenyewe kwenye toroli.

Leonise alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Aliibandika jikoni kwake karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Urbain naye aliletewa barua, ya adabu sana, ikimwomba arudishe jina aliloliondoa kwenye mali ya hoteli. Thecla alimsomea mara mbili.

"Waambie tubadilishane," alisema Urbain. "Wanipe mtoto, niwape jina."

Thecla aliliandika jibu hilo kama lilivyo, akalipeleka. Hoteli haikujibu. Ilimleta fundi wa mabango aliyeijaza ile nafasi kwa rangi na brashi. Aliandika "Celestin", ambalo ni jina la mvulana. Thecla aliomba lisahihishwe. Bwana Garrick alisema atalifikiria, na kwamba mpaka sasa hakuna mgeni aliyelalamika.

Jumamosi Thecla alikwenda kusoma. Alikuwa amejiambia anakwenda kwa ajili ya lile jina tu. Palikuwa na watu sitini, na walimsikiliza kimya, na sentensi zake zikamrudia mdomoni moja baada ya nyingine, nzima, kama alivyozipanga. Hakuwahi kufurahi vile. Alipofika jina la ishirini na mbili akasema "Celestine", na bwana mmoja aliyekaa mbele akainua mkono, akamwambia kwa upole kwamba amekosea, ukutani haiko hivyo. Kule nje kulisikika mpira unagonga sakafu, unagonga raketi, unagonga sakafu. Thecla alimshukuru yule bwana, akaendelea na la ishirini na tatu. Alikwenda Jumamosi ya pili pia, na anakwenda hadi leo. Anselma hamsalimii siku za Jumamosi. Siku nyingine anamsalimia.

Mwezi wa Novemba Thecla alimchukua Urbain mpaka mjini, kwenye ofisi moja ya ghorofa ya pili, kuomba hati ya kiwanja chake. Walikuwa na ile karatasi ya 1971, kitabu cha kijani, na kijitabu cha hoteli chenye picha ya ukuta. Karani wa dirishani alikuwa binti mwenye nywele zilizosukwa vizuri. Aliitambua picha.

"Nimeusoma huu! Tulikwenda pale hotelini kwenye harusi ya binamu yangu. Inasikitisha mno, jamani. Nililia." Akatoa fomu. "Mzee anajua kusaini?"

"Hajui."

"Basi aweke dole gumba la kulia hapa."

Urbain alipaka wino, akabonyeza. Kwenye fomu paliandikika: Celestine.

Binti aliigeuza fomu, akaitazama kwenye mwanga. "Mzee, hapa panatakiwa alama ya kidole, si jina."

"Ndiyo alama yangu hiyo."

"Lakini wewe unaitwa Urbain."

"Ndiyo."

"Basi fomu imeharibika. Chukua nyingine."

Alichukua nyingine, akanawa mikono, akaweka. Celestine. Binti aliuliza kama kidole cha kushoto kiko sawa, kisha akasoma maelekezo chini ya fomu, akasema hapana, imeandikwa cha kulia. Wakaendelea. Nyuma yao foleni ilingoja bila kelele. Bibi mmoja alimwazima mzee kitambaa cha kufutia. Fomu zilipofika kumi na moja, binti alizipanga vizuri, akazitoboa, akazitia kwenye faili, akaandika juu yake "Hazijakamilika".

"Rudini Alhamisi," akasema. "Bosi atakuwepo."

Alhamisi walirudi. Bosi hakuwepo. Faili lilikuwepo, na Urbain akaomba aletewe. Alizipapasa fomu moja moja kwa mkono wa kushoto, bila haraka, zote kumi na moja, mpaka mtu wa nyuma yake akauliza kama dirisha limefungwa. Urbain akamwambia halijafungwa, apite tu. Akamrudishia binti faili lake, akauliza ni Alhamisi ipi.